Tambara na Kamba ya Kuanikia

Kiswahili kina majina mawili kwa nguo ya kufutia, na ndani ya majina hayo mna hukumu ambayo wenye lugha waliipitisha zamani bila ya kukaa baraza. Kipande cha nguo kikiwa kizima, cheupe, kimekunjwa vizuri kando ya sinia, huitwa kitambaa, na mgeni hupewa afute mikono. Kikiisha kuchakaa, kikatoboka na kubadilika rangi kwa masizi na mafuta, huitwa tambara, na mgeni haonyeshwi mahali kinapowekwa. Baina ya heshima ya kitambaa na dharau ya tambara pana safari ndefu ya utumishi, na aghalabu nguo ileile huikamilisha safari yote. Siku hizi amezuka mshindani ambaye hakuwahi kuwa kitambaa wala hangojei kuwa tambara: kile kipande kibichi chenye harufu ya ndimu au ya maua, kinachovutwa kutoka katika tundu la pakiti, kikafuta meza mara moja, kikatupwa. Katika maduka ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi watu hukiita waipsi. Wengi wetu tulikijua kwanza katika mikoba ya mama wenye watoto wachanga. Sasa kimepanda hadi meza ya chakula, kabati la vyombo, jiko la gesi, na kwa wenye nafasi hata sakafu.

Kipi basi kinafaa nyumbani, kile cha kufuliwa au kile cha kutupwa? Wanaouliza hutaka jibu la neno moja, na neno lenyewe si gumu kutamka. Ugumu uko katika sababu zake, kwa kuwa wengi wanaolitetea tambara hulitetea kwa hoja zisizo sahihi, na wanaoipenda waipsi huipenda kwa sababu moja kubwa ambayo hawaitaji.

Kutumia mara moja na kutupa si desturi kongwe hata huko ilikozaliwa. Husimuliwa kwamba mwaka 1907 kampuni ya Scott ya Philadelphia, iliyokuwa ikiuza karatasi za chooni, ilipokea shehena ya karatasi nene isiyofaa kazi hiyo, na Arthur Scott, badala ya kuirudisha, akaikata vipande vya kufutia mikono akaviuza kwa ajili ya vyoo vya umma na shule, kwa hoja kwamba taulo moja inayotumiwa na darasa zima huwagawia watoto mafua. Jikoni taulo za karatasi ziliingia baadaye, mnamo 1931. Kipande kibichi nacho kina baba yake: Arthur Julius, Mmarekani aliyefanya kazi katika viwanda vya vipodozi, ambaye mwaka 1957 alinunua mashine iliyokusudiwa kugawa supu katika vipimo, akaigeuza igawe vipande vilivyoloweshwa, akaviita Wet-Nap, na mwaka 1960 akavionyesha Chicago katika maonyesho ya wenye mikahawa. Miaka mitatu baadaye Harland Sanders, yule mzee wa kuku wa kukaanga, akaanza kuwagawia wateja wake ili wafute vidole. Natija ya habari hii ni kwamba waipsi haikubuniwa kwa ajili ya nyumba hata kidogo. Ilibuniwa kwa mtu aliye mbali na maji, aliyekula kwa mikono mahali pasipo na bomba wala birika. Na kila nikiiona juu ya karo la jikoni, shubiri mbili tu kutoka kwenye bomba, hunijia fikra ya mtu aliyekuja na kifurushi cha safari akaamua kuhamia moja kwa moja.

Wala isidhaniwe kuwa ni karatasi. Aghalabu ni nyuzi zisizofumwa, zilizotandazwa na kupigwa kwa mishipa myembamba ya maji yenye nguvu nyingi mpaka zikashikamana zenyewe, na nyuzi hizo kwa sehemu kubwa ni za plastiki, poliesta au polipropilini, zikichanganywa na nyuzi za mbao. Ndiyo maana haikatiki ikivutwa kwa nguvu, na ndiyo maana haiozi upesi. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, unawalazimisha wauzaji kuweka alama juu ya pakiti ili mnunuzi ajue kwamba ndani mna plastiki, jambo ambalo jicho peke yake lisingeweza kulitambua.

Sasa tuyasikilize mashitaka dhidi ya tambara, maana ni mazito, na mtu wa insafu hawezi kuyapuuza kwa kuwa tu bibi yake alifuta sufuria kwa kipande cha shuka na akaishi miaka mingi. Profesa Charles Gerba wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenziwe walikusanya vitambaa vya jikoni 82 kutoka majumbani katika miji ya Marekani na Kanada, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 karibu 9 katika kila 10 vilikuwa na bakteria wa jamii ya wale wakaao matumboni, na kiasi cha robo vilikuwa na E. koli hasa. Karibu na kwetu zaidi, katika bahari yetu hii ya Hindi, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Mauritius walitangaza mwaka 2018 kwamba walivipima vitambaa vya jikoni 100 vilivyotumika kwa mwezi mmoja, na 49 vikaotesha bakteria. Hapo ndipo wapenzi wa waipsi hufunga kitabu na kudai ushindi. Lau wangaliendelea kusoma, wangaliona kwamba Mauritius haikushitaki nguo, bali ilishitaki hali tatu: nguo iliyotumiwa kwa kila kazi, kuanzia kushika sufuria ya moto hadi kufuta mikono na vyombo, ilichafuka kuliko iliyowekewa kazi moja, nguo ya nyumba yenye watu wengi ilichafuka kuliko ya wachache, na nguo iliyokaa na unyevu ilichafuka kuliko ile iliyokauka.

Unyevu huo ndio mzizi wa neno. Kila mtu wa pwani anaujua uvundo, ile harufu nzito ya nguo iliyofuliwa ikakunjwa kabla haijakauka, na anajua pia kwamba uvundo hauondoki kwa manukato. Tambara lililokunjwa juu ya bomba, likabaki bichi tangu chakula cha mchana hadi cha usiku, katika joto la Februari, limekuwa kitalu. Na mwenye nyumba anapolichukua tena kufuta meza, anaifanya kazi ya mpandaji shambani huku akiamini kwamba yeye ni mpaliliaji. Vijidudu vinataka vitu vitatu, chakula, joto na maji, na cha kunyimwa kwa urahisi ni hicho cha mwisho. Jua la saa nne hukausha kipande cha pamba kabla ya adhuhuri, na juu ya kukikausha, miale yake huua baadhi ya vilivyosalia. Kamba ya kuanikia ni chombo cha usafi sawasawa na sabuni, ila haitangazwi, kwa kuwa hakuna anayeiuza kwa pakiti.

Na waipsi yenyewe, ikisimamishwa kizimbani, haitoki salama. Mwaka 2015 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cardiff walizipima aina saba za waipsi zenye sabuni zilizokuwa zikitumika hospitalini, wakaona kwamba zilitofautiana sana katika kuondoa bakteria, na kwamba zote, pale kipande kimoja kilipofuta mahali pa kwanza kikaendelea hadi pa pili na pa tatu, ziliwachukua bakteria na kuwaacha njiani. Agizo lililotoka humo ni kipande kimoja kwa mahali pamoja. Ni nani nyumbani anayelishika agizo hilo? Nimewaona watu wa elimu na heshima zao wakianza na meza, wakapitia mlango wa jokofu, wakashukia kwenye kiti cha mtoto, wakamalizia kwa bomba, kwa kipande kilekile ambacho kwa wakati huo kimekwisha kukauka. Zile zenye dawa ya kuua vijidudu zina sharti jingine, lililoandikwa nyuma ya kopo kwa herufi ndogo: mahali palipofutwa sharti pakae paking'aa kwa maji kwa muda uliotajwa, na katika zile zinazojulikana zaidi za Marekani muda huo ni kama dakika 4. Chini ya feni ya sebuleni, katika joto letu, umajimaji wa kipande kimoja huaga mapema zaidi. Basi aliyenunua dawa ametumia harufu yake.

Masheikh wa mwambao, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Imamu Shafii, hufundisha kwamba najisi haiondoki kwa kupanguswa. Lazima maji yapite juu ya mahali pake. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wao wamelegeza katika vitu laini vilivyosuguliwa, kama upanga na kioo, wakaridhia vipanguswe. Sisemi kwamba fiqhi ni elimu ya vijidudu, wala sitaki kumtwika Imamu mzigo wa maabara. Lakini wanavyuoni wale na wachunguzi wa Cardiff wamekutana katika swali moja, nalo ni kama uchafu umeondoka au umehama. Kitambaa chochote kikavu au kibichi huhamisha. Kinachoondoa ni maji na sabuni, na nguo ni mkono tu wa kuyapeleka. Florence Nightingale alikwisha kulalamika mwaka 1859, katika kitabu chake juu ya uuguzi, kwamba kupangusa vumbi kikavu ni kulipeperusha kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, akataka kila kitu kifutwe kwa nguo iliyoloweshwa.

Hapa panafaa kutajwa jambo la dawa, kwa sababu watu wengi huliharibu. Dawa iliyomo katika waipsi nyingi, na katika maji mengi ya kusafishia yanayouzwa kwa chupa, ni ya jamii ya kloridi ya benzalkoniamu, na pamba ina tabia ya kuishika dawa hiyo isitoke; kwa hiyo aliyechovya tambara la pamba katika ndoo ya dawa hiyo akafuta sakafu, sehemu ya dawa yake imebaki katika tambara. Jiki ina tabia nyingine: hula uchafu wa kila namna, na ukimwagia jiki tambara lenye mafuta na mchuzi, nguvu yake huishia kwenye mchuzi kabla haijavifikia vijidudu. Fua kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo uloweke katika maji ya jiki. Wala usiichanganye na siki au dawa ya choo yenye asidi, kwani mvuke wake si wa mzaha.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakupata kusoma neno lolote kati ya haya, alikuwa na matambara matatu na mtu asingeweza kumhadaa juu yake. La vyombo lilitundikwa msumarini. La meko na sufuria lilikaa dirishani. La sakafu lilikuwa nje, juu ya ukuta, na ole wake mjukuu aliyelileta ndani. Samaki hakufutiwa kwa lolote katika hayo. Shombo lake liliondolewa kwa maji, ndimu na majani ya mpapai, na ubao wake ukasuguliwa kwa makumbi ya nazi yaliyotupwa baadaye. Masufuria yalipata dodoki na majivu. Kila alasiri matambara mawili ya ndani yalifuliwa kwa kipande cha sabuni ya mche katika maji yaliyobaki ya kufulia nguo, yakatandazwa juu ya kamba yakiwa yamenyooshwa, si yamekunjwa, na ikinyesha mvua yalitundikwa juu ya meko. Wasomi wa Mauritius wangalifika kwake wasingekuwa na la kumfundisha ila majina ya Kilatini. Lakini tusikimbilie kuwasifu wazee wote: jirani yake alikuwa na tambara moja tu kwa kila kitu, jeusi kama chungu, na nyumba ile ilijulikana mtaani kwa matumbo ya watoto wake.

Nimesema kwamba waipsi inapendwa kwa sababu isiyotajwa. Sababu hiyo ni kwamba mtu hapendi kufua tambara, na walakini amelelewa kuona aibu kulikiri hilo. Kazi ile si nzito bali ni ya kuchukiza, hurudi kila siku, haina sifa, na katika nyumba zetu takriban zote humwangukia mama au dada wa kazi. Baba hujua tambara lilipo siku alipomwaga chai. Yeyote anayewahubiria watu warudie tambara bila ya kuuliza nani atakayelifua, anagawa mzigo wa mwenziwe. Mwanamke anayerudi kutoka kazini saa mbili za usiku, akakuta meza ina ugali uliokauka na watoto hawajaoga, akavuta kipande kimoja akafuta na kutupa, hakutenda israfu ya kuhukumiwa na mtu aliyekaa kitini akisoma gazeti. Raha aliyoinunua ni ya kweli. Ninachokataa ni kuiita raha hiyo usafi.

Tena raha ina hesabu yake. Nyumba inayotumia vipande 3 tu kwa siku itatupa 1,095 kwa mwaka, na kwa pakiti za vipande 80 hizo ni karibu pakiti 14. Kanga moja kuukuu, yenye upana wa sentimita 110 na urefu wa 150, hukatwa vipande 12 vya kumtosha mtu kiganja, vikafanya kazi mwaka mzima au zaidi, na bei yake ilikwisha kulipwa siku ilipovaliwa harusini. Mtu atasema kwamba maji nayo hununuliwa, na ni kweli. Wako wanaonunua dumu la lita 20 kwa mchukuzi wa mkokoteni, na kwao kila kata ina thamani. Hata hivyo matambara mawili hutosheka na nusu ndoo, na maji hayo si lazima yawe ya kwanza. Pamba yenyewe, wakati ikilimwa, ilikwisha kunywa maji mengi mno, kiasi cha lita 10,000 kwa kila kilo kwa wastani wa dunia, na hiyo ni hoja dhidi ya yule anayenunua vitambaa vipya vya pamba kwa ajili ya kufutia tu. Haimgusi aliyelipata tambara lake katika nguo iliyokwisha kuvaliwa miaka kumi.

Baada ya kufuta, kipande kinakwenda wapi? London walilijibu swali hili kwa aibu mwezi wa Septemba 2017, walipokuta chini ya barabara ya Whitechapel donge la mafuta yaliyogandamana na waipsi na taka nyingine, urefu wake mita 250 na uzito wake tani 130, likiwa limeziba mfereji wa majitaka uliojengwa zama za Malkia Viktoria. Mafundi walilivunja kwa majuma kadhaa, na kipande chake kikawekwa katika jumba la makumbusho la mji huo mwaka uliofuata, watu wakapanga foleni kukitazama. Sisi hatuna mifereji ya namna ile ila kidogo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia choo cha shimo au tangi la majitaka, na shimo likijaa huitwa gari la kunyonya, au, penye vichochoro visivyopitisha gari, huitwa wale watu wanaojulikana kwa jina la vyura, ambao huliingia shimo kwa miguu yao. Plastiki iliyotupwa chooni haipungui humo. Hujiviringisha ikaziba mpira wa gari, na pale mpira unaposhindwa ni mkono wa chura unaoitoa. Insafu inanitaka niseme kwamba hata matambara ya nguo hutupwa mashimoni, na huziba vilevile. Kinachokwepa shimo hufika jalala la Dandora kule Nairobi au la Pugu hapa Dar es Salaam, au, mahali pasipofikiwa na gari la taka, huchomwa uani jioni, na moshi wake wote tunaujua. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019. Mama anayekaguliwa forodhani kwa mfuko mmoja hupita na pakiti tatu za waipsi bila ya mtu kumuuliza.

Wako wanaotafuta njia ya kati. Wanaopenda vitu vya kisasa husifu vitambaa vya nyuzi nyembamba mno, ambavyo nyuzi zake zimepasuliwa zikawa na ncha nyingi za kunasa vumbi. Ni vizuri kwa vioo na kwa vumbi, hata kwa maji matupu, lakini navyo ni plastiki, na kila vinapofuliwa huacha chembe katika maji, na vikifuliwa kwa kilainisha nguo huziba visifae kitu. Wasweden wana kipande chao cha nyuzi za mbao na pamba, kilichobuniwa mwaka 1949, ambacho hukauka haraka na mwisho wake huoza. Ningekipenda, lau kingeuzwa Kariakoo.

Na pana mahali ambapo kutupa ndiyo haki. Damu ya kuku mbichi, matapishi, na chumba cha mgonjwa wa kuhara havitaki kitambaa kitakachorudi jikoni. Tulijifunza hilo katika kipindupindu cha 2015, na asiyejifunza asimlaumu mtu. Safarini ndani ya basi, na mtoto amejipaka embe hadi nyusi, waipsi ya yule Mmarekani imerudi katika kazi yake ya asili na haina mpinzani. Nyumbani, hata hivyo, kazi za namna hii bibi yangu aliziwekea akiba: matambara yaliyokwisha kabisa, yasiyoweza tena kufuliwa, aliyatia kapuni nyuma ya mlango, na siku ya balaa likachukuliwa moja, likafuta, likachomwa. Kwa hiyo kitu cha kutumia mara moja tulikuwa nacho. Ila kilikuwa kikifika daraja hiyo baada ya kuzitumikia nyingine zote.

Daraja hizo ndizo zinazonitia wasiwasi, kwa sababu zinaanza kukatika kule juu. Wazee wa Mombasa husimulia kwamba kanga ilianza pale wanawake walipounganisha leso sita za kufutia jasho, zilizoletwa na Wareno pamoja na jina lake la Kireno, wakapata nguo moja ya kujitanda; kwa hiyo kilichoanza kwa kufutia kikawa vazi, na vazi likarudi kufutia. Lakini kanga nyingi zinazouzwa leo kwa bei rahisi zimechanganywa na poliesta. Zinang'aa, hazifubai, na zikimwagiwa maji huyasukuma kando badala ya kuyanywa. Zikichakaa hazifai kufuta hata kioo. Mwezi uliopita dada yangu alikwenda soko la mitumba kutafuta shuka kuukuu ya pamba tupu ili aikate matambara, na muuzaji, baada ya kumtandazia tatu, akamuuliza anataka ya kulalia au ya kufutia, maana ya kufutia, alisema, siku hizi ina wateja wengi na imepanda bei.